Kuchagua hedifoni za wazi kwa kusikiliza na kumiksi: mwongozo kamili kwa studio ya chumbani

Kuna usiku nilimiksi wimbo wa taarab (kumiksi ni kuchanganya na kusawazisha sauti za vyombo na mwimbaji) mpaka alfajiri, nikiwa na hedifoni za kufungwa zenye besi nzito iliyonifurahisha. Kinanda kilijaa, gitaa la besi lilitambaa chini ya sauti ya mwimbaji, nikaenda kulala nikijua kazi imeisha. Asubuhi tukaupiga wimbo kwenye spika za ukumbini: besi hakuna. Hedifoni ndizo zilizokuwa zikiongeza besi, nami kila iliponizidi niliipunguza kwenye wimbo. Nilikuwa nakata kitu ambacho kwenye wimbo hakikuwemo.

Baada ya hapo nilihamia hedifoni za wazi, na hadi leo kazi yangu nyingi naifanyia humo. Lakini sizipendekezi kwa kila mtu. Nimeona vijana wakiweka akiba miezi sita, wakanunua hedifoni nzuri ya wazi, kisha wakaitumia kwenye chumba ambacho haiwezi kufanya kazi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia chumbani kabla ya kufika dukani.

Wazi maana yake nini

Ndani ya kila upande wa hedifoni kuna spika ndogo. Inapotetema hutoa sauti mbele, kuelekea sikioni, na nyuma pia. Hedifoni ya kufungwa ina kikombe kizima cha plastiki au mbao, na sauti ya nyuma hugonga ukuta wa kikombe hicho, ikarudi na kuchanganyika na ile ya mbele. Hedifoni ya wazi ina wavu badala ya ukuta, hivyo sauti ya nyuma hutoka ikaenda zake. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ndiyo iliyoingiza muundo huu sokoni mwaka 1968 kwa hedifoni yake ya HD 414, ile yenye sponji za njano ambazo wazee wa redio wanazikumbuka.

Faida utaisikia katika dakika ya kwanza. Muziki haukai katikati ya fuvu. Unatanuka kidogo nje ya masikio, na kila chombo kinapata mahali pake. Besi haina mngurumo wa ndani ya kopo. Sauti yako mwenyewe ukizungumza unaisikia kawaida, na masikio hayapati ile hali ya kuzibwa.

Hasara ni mbili, na zote ni kubwa. Kelele za nje zinaingia kana kwamba hujavaa kitu, na muziki wako unatoka nje, aliye kando yako anausikia. Besi ya chini kabisa, ile ya hezi 30 au 40 (hezi ni mitetemo kwa sekunde) inayosikika zaidi kifuani kuliko sikioni, kwenye hedifoni nyingi za wazi huwa imefifia.

Utakutana pia na zinazoitwa nusu wazi, kama AKG K240 au Beyerdynamic DT 880. Zina matundu machache, na tabia zake ziko katikati. Kwa suala la kelele, zihesabu kuwa ni za wazi.

Hatua ya kwanza: sikiliza chumba chako

Kaa kwenye kiti unachofanyia kazi, saa ile ile unayofanya kazi, bila muziki, kwa dakika kumi. Andika unachosikia. Feni. Jenereta la jirani. Bodaboda. Mvua juu ya mabati. Redio ya ukuta wa pili. Feni ya kompyuta yenyewe, ambayo watu wengi wameshaizoea hata hawaisikii tena.

Kisha weka programu ya kupima sauti kwenye simu. Kipimo cha simu si cha maabara, ila kinatosha kwa uamuzi huu. Ukiona desibeli 35 hadi 40, una chumba kizuri sana. Ikifika 50 na kuendelea, utalazimika kuupandisha muziki ili uishinde kelele, na hapo ndipo masikio yanapoumia. Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango salama kwa mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inapendekeza isizidi desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila ukiongeza desibeli 3 muda huo unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Mtu anayemiksi usiku kucha kwa sauti ya juu hupita kiwango hicho kabla ya saa sita za usiku. Usikivu unaopotea kwa namna hii haurudi, kwa hiyo naomba usiipite hatua hii kwa haraka.

Fikiria pia wanaolala karibu nawe. Kama mtoto analala chumba hicho hicho, hedifoni ya wazi itamwamsha. Na kama unarekodi waimbaji, mwimbaji asivae ya wazi: mlio wa kuhesabia mapigo utavuja, maikrofoni itaudaka, na hautatoka tena kwenye rekodi. Wa kurekodi avae ya kufungwa, ya kawaida tu. Ya wazi ni ya anayekaa kwenye kompyuta.

Kama chumba ni cha kelele na huna saa tulivu hata moja kwa siku, acha hedifoni za wazi kwa sasa. Nunua za kufungwa zilizo nyoofu, yaani zisizoongeza wala kupunguza sauti yoyote, au tumia fedha hiyo kuziba madirisha.

Hatua ya pili: amua kazi kuu

Watu wengi wanataka hedifoni moja ya kumiksi na ya kustarehe. Inawezekana, ila lazima ujue ipi inatangulia.

Kwa kustarehe, chagua inayokupendeza. Besi ya kuzidi kidogo au mng'ao wa juu si kosa. Watafiti wa kampuni ya Harman, Sean Olive na Todd Welti, walianza mwanzoni mwa miaka ya 2010 kuchapisha kazi yao juu ya mlio ambao wasikilizaji wengi huupenda, na grafu nyingi utakazoziona kwenye tathmini za hedifoni hulinganishwa na mstari waliouchora. Mstari huo unasaidia kama dira, ila haukuhukumu wewe.

Kwa kumiksi, kinachotangulia ni ukweli wa katikati, tuseme kati ya hezi 300 na 3,000. Hapo ndipo ilipo sauti ya mwimbaji, gitaa, kinanda, zumari, na mwili wa sneya, ile ngoma ndogo ya mlio mkali. Hedifoni ikidanganya hapo, kila uamuzi wako utakuwa na kosa. Sennheiser HD 600, iliyotoka mwaka 1997, bado imo studioni kwa sababu hiyo hasa: katikati yake imenyooka. Chini kabisa ni hafifu, na anayemiksi kwayo anajua kwamba besi ataihakiki kwingine.

Mfano wa upande wa pili ni Beyerdynamic DT 990 Pro. Ni hedifoni imara, inakaa vizuri kichwani, na bei yake ni ya kuvumilika, ndiyo maana imeenea sana. Lakini sauti zake za juu, karibu na hezi 8,000, zimenyanyuliwa. Eneo hilo ndilo la herufi "s" na "sh" na la hai-heti, yale matoazi mawili ya kukanyaga. Usipoizoea utadhani mwimbaji anapiga miluzi kila akisema "siku" au "shida", utakata, na wimbo utatoka umefunikwa blanketi. Kwa kusikiliza, wapo wanaoupenda mng'ao ule kuliko kitu chochote. Kwa kumiksi, isahihishe kwanza kwa ekwalaiza, kirekebishi cha kupandisha na kushusha sehemu za sauti.

Aina ya muziki nayo inaamua. Ukitengeneza singeli, ambayo mwendo wake kwa kawaida hupita mapigo 200 kwa dakika, unahitaji hedifoni inayoziachanisha kiki (mapigo ya ngoma kubwa ya chini) zinazofuatana, usikie mwisho wa moja kabla ya mwanzo wa nyingine. Hapa ndipo hedifoni za wazi zinapowashinda wenzao wa kufungwa walionona besi. Ukitengeneza amapiano au hip hop yenye besi ya hezi 40, angalia hedifoni za plena, zile ambazo badala ya koni ndogo zina utando mwembamba bapa unaosukumwa na sumaku sehemu zote kwa pamoja. Nyingi hushuka chini bila kufifia. HIFIMAN Sundara na HE400se ni mifano inayofikika. Audeze LCD-X ni ya mwenye mfuko mkubwa na shingo yenye nguvu.

Hatua ya tatu: kichwa, masikio na joto

Hedifoni inayouma baada ya nusu saa hutaivaa, hata ikiwa na sauti ya peponi. Tazama uzito. Audio-Technica ATH-R70x ina gramu 210 hivi, unaisahau kichwani. LCD-X inapita gramu 600. Kwa saa nne za kumiksi, tofauti hiyo inaihukumu shingo.

Pwani yetu ina joto la mwaka mzima. Pedi za ngozi bandia hushika jasho, na baada ya muda ngozi huanza kubanduka na kukuachia vipande vyeusi shavuni. Pedi za velveti hupumua, na hedifoni nyingi za wazi huja nazo.

Mvaa miwani ajaribu akiwa na miwani yake. Mwenye rasta, mabutu au hijabu ajaribu akiwa hivyo hivyo alivyo, kwa sababu pengo kati ya pedi na ngozi hubadilisha besi. Kwenye hedifoni za kufungwa pengo hilo huiondoa besi kwa kishindo; kwenye za wazi hasara kwa kawaida huwa ndogo zaidi, ila isikie mwenyewe. Nimefanya kazi na dada anayevaa hijabu siku zote, na tulichofanya ni kuchagua hedifoni aliyoijaribu juu ya kitambaa, si ile iliyosifiwa na watu wasiofunika kichwa.

Hatua ya nne: je, chombo chako kitaisukuma?

Hapa wengi hupotea kwa sababu ya namba ya omu, kipimo cha jinsi hedifoni inavyoukinza umeme. Wanaambiwa kwamba omu nyingi ni ngumu kusukuma na omu chache ni rahisi. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni desibeli ngapi hedifoni inatoa kwa miliwati 1.

Tuseme unataka vilele vya muziki vifike desibeli 110, kiwango cha kupita kwa sekunde tu, si cha kukaa. Hedifoni ya omu 300 inayotoa desibeli 97 kwa miliwati 1 itahitaji miliwati 20. Hizo ni volti 2.4 hivi, na mkondo mdogo wa miliampea 8. Sasa chukua hedifoni ya plena ya omu 32 inayotoa desibeli 91. Inahitaji karibu miliwati 80, yaani volti 1.6 na miliampea 50. Ile ya omu chache imekula nguvu mara nne zaidi. Ya kwanza inataka volti, ya pili inataka mkondo.

Kiadapta kidogo cha simu kinachotoa volti 1 kitaifikisha ile ya omu 300 kwenye desibeli 102. Kwa kusikiliza kwa utulivu inatosha kabisa. Kwa wimbo wenye kupanda na kushuka sana, vilele vitakosa nafasi. Saundi kadi nyingi za studio za chumbani (vifaa vya kuunganisha maikrofoni na hedifoni na kompyuta) hufanya vizuri zaidi, lakini zile zinazokula umeme wa USB peke yake wakati mwingine hukwama. Soma karatasi ya maelezo: tafuta nguvu ya tundu la hedifoni, na kwa omu ngapi imepimwa.

Kuna namba moja zaidi ambayo wauzaji hawaitaji, nayo ni omu za tundu lenyewe. Zisizidi moja ya nane ya omu za hedifoni. Hedifoni ya omu 32 inataka tundu lisilozidi omu 4. Sababu ni kwamba hedifoni nyingi za koni hazina omu zilezile katika sauti zote. HD 600, kwa mfano, inaandikwa 300 lakini karibu na hezi 100 hupanda kupita 500. Ukiichomeka kwenye mikisa ya zamani yenye tundu la omu 100 na zaidi, besi itavimba kidogo, na utadhani ndiyo sauti ya hedifoni. Za plena hazina tatizo hilo, kwa sababu omu zake hazipandi wala kushuka.

Kwa hiyo kabla ya kununua amplifaya, piga hesabu. Ukiona saundi kadi inatosha, fedha ya amplifaya nunulia pedi za akiba.

Hatua ya tano: jaribu kwa masikio, hata kama ni ya mkono wa pili

Beba nyimbo tano unazozijua kama njia ya kwenu, zenye ubora mzuri, zisiwe za kutumiwa WhatsApp. Moja iwe ya sauti ya mtu na gitaa tu. Moja iwe ya besi ya chini. Moja iwe na vyombo vingi, orkesta ya taarab au dansi la bendi kubwa. Moja iwe uliyoimiksi mwenyewe na unajua kosa lake. Ya tano iwe ile unayoipenda, kwa sababu utaishi na hedifoni hii.

Linganisha mbili kwa kiwango kimoja cha sauti. Hili ni la lazima. Sikio likisikia kubwa zaidi huamini ni bora zaidi, hata tofauti ikiwa desibeli 1 au 2, na muuzaji mjanja anaijua siri hiyo.

Kisha cheza mlio unaopanda polepole kutoka hezi 20. Unaanza kuusikia wapi? Unapita bila kutoweka wala kuruka ghafla? Kuna mkwaruzo au mtetemo upande mmoja? Mara nyingi mkwaruzo ni unywele uliopenya kwenye wavu na kugusa utando, jambo la kawaida kwa hedifoni za wazi, na fundi anaweza kuutoa. Mtetemo usiotoka baada ya kusafisha ni spika iliyochoka, iache. Mwisho weka sauti ya mtu mmoja kwa mono, yaani sauti ileile pande zote mbili. Lazima ikae katikati kabisa ya uso. Ikiegemea upande, geuza hedifoni kulia kwa kushoto: ikihamia upande wa pili, kosa ni la hedifoni, ikibaki palepale, chunguza chombo unachochezea, au sikio lako.

Kwa ya mkono wa pili, uliza kama pedi zimebadilishwa. Pedi za bei rahisi zisizo za kiwandani hubadilisha mlio kuliko watu wanavyodhani. Uliza na waya. HD 600, AKG K702 na ATH-R70x zina waya unaochomoka, ukikatika unanunua mwingine. Waya wa DT 990 Pro umeungwa ndani, ukikatika unahitaji fundi wa kulehemu. HD 600 inasifika pia kwa kuwa karibu kila kipande chake kinauzwa peke yake, na kwa mtu aliye mbali na kiwanda sifa hiyo ina thamani ya fedha. Feki zipo, Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi sawasawa, na mtandaoni zaidi. Bei ikiwa nusu ya bei ya kila mahali, linganisha uzito, maandishi na namba ya usajili kabla ya kutoa hela.

Nikiulizwa majina tu: mwenye bajeti ndogo atafute Philips SHP9500, nyepesi na rahisi kusukuma. Anayeweza kuongeza, Sennheiser HD 560S ya omu 120, ambayo naiona ndiyo mwanzo mzuri kwa mtu wa kumiksi na kusikiliza pamoja. Juu ya hapo ni HD 600 kwa sauti za waimbaji na Sundara kwa besi.

Hatua ya sita: zizoee, kisha miksi

Wiki mbili za kwanza usimiksi kitu cha mteja. Sikiliza tu nyimbo za watu wengine zilizomiksiwa vizuri, kwa kiwango kimoja cha sauti. Weka alama kwenye kitufe cha saundi kadi kwa kalamu au kipande cha tepu, na urudi hapo kila siku. Ukitaka kuunyoosha mlio, mradi wa bure wa AutoEq una masahihisho tayari ya maelfu ya hedifoni, na kwenye Windows unayapakia kwa programu ya Equalizer APO. Punguza palipozidi, usijaribu kuongeza desibeli 8 za besi ambazo spika ndogo ile haina uwezo wa kuzitoa.

Kumbuka kwamba hedifoni hata ikiwa ya wazi si spika. Spika ya kushoto husikika na sikio la kulia pia, ikichelewa kwa robo ya milisekunde hivi. Kwenye hedifoni kushoto ni kushoto tu. Matokeo yake, gitaa ulilolitupa pembeni linaonekana liko mbali sana, na likipigwa kwenye spika linasogea ndani. Zipo programu za kuchanganya pande kidogo ili kuiga spika. Ziwashe wakati wa kupanga pande, zizime wakati wa kusafisha sauti. Mwangwi nao husikika wazi mno kwenye hedifoni, hivyo watu huweka kidogo na wimbo unatoka mkavu. Mimi huweka ninaodhani unatosha, kisha nalinganisha na wimbo wa mfano kabla ya kuamua.

Besi ya chini usiiamini kwa sikio peke yake. Fungua grafu ya masafa, weka wimbo wa mfano wa aina ileile, tazama kiki na besi zimekaa wapi.

Pumzika dakika kumi kila baada ya dakika hamsini. Mwisho wa kipindi vua hedifoni, zining'inize na uzifunike kitambaa, maana vumbi na unyevu wa bahari huingia kwenye wavu bila kizuizi. Pedi za velveti zikichafuka zichomoe, zifue kwa mkono kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, uzianike kivulini mpaka zikauke kabisa.

Halafu toka na wimbo. Uusikilize kwenye spika ya simu, kwa mono, uone kama mwimbaji anaeleweka. Upige kwenye gari la rafiki, au umwombe konda auchomeke kwenye daladala kabla abiria hawajajaa. Nikirudi kwenye kiti, marekebisho yangu huwa ya desibeli 1 au 2. Yakizidi hapo, najua hedifoni bado sijazizoea, na narudi kwenye zile nyimbo tano kabla ya kugusa kitu kingine.